Nani Alisema Walikuwa Miungu?

Tarehe 8 Novemba 1519 watu wawili walikutana kwenye barabara ya tuta iliyokatiza ziwa na kuingia mji wa Tenochtitlan. Mmoja alikuwa Moctezuma, mtawala wa Wamexica, watu ambao vitabu vingi huwaita Waazteki. (Herufi x katika jina lao husomwa kama "sh".) Wa pili alikuwa Hernán Cortés, Mhispania aliyeondoka Cuba mapema mwaka huo bila ridhaa ya gavana wake. Walisalimiana, wakavishana mikufu, wakazungumza. Maneno waliyoambiana siku hiyo na siku zilizofuata yamebishaniwa kwa miaka 500, na hakuna kati ya wawili hao aliyeijua lugha ya mwenzake.

Katikati yao alisimama mwanamke kijana. Wahispania walimwita Marina, wenyeji wakamwita Malintzin. Kinahuatl kilikuwa lugha yake ya kuzaliwa. Kimaya alijifunza utumwani. Miezi michache kabla alikuwa ametolewa kwa Wahispania kama zawadi, yeye na wanawake wengine 19. Mwanzoni neno la Kinahuatl lilipita kwake likawa Kimaya, likapokewa na Gerónimo de Aguilar, Mhispania aliyekaa miaka minane kwa Wamaya baada ya meli yake kuvunjika, likawa Kihispania, ndipo likamfikia Cortés. Jibu lilirudi kwa njia hiyohiyo.

Hadithi ambayo wengi wetu tumeipata, iwe kwenye filamu au kwenye makala za mtandaoni, haina habari ya vinywa hivyo vya katikati. Inasema hivi: Waazteki walimdhania Cortés kuwa mungu wao Quetzalcoatl aliyeahidi kurudi, wakatetemeka, wakamkabidhi nchi. Watu 500 wakaishinda dola ya mamilioni.

Mwaka jana kwenye semina yetu ya uzamili mwenzetu mmoja aliifupisha zaidi. "Walimkaribisha mwizi kwa maua," alisema, na darasa likacheka. Mhadhiri wetu hakucheka. Aliuliza maswali mawili tu: "Nani kasema? Na alikuwa anamwambia nani?" Kisha akatupa kazi ya wiki mbili. Tuvipange vyanzo vyote tulivyoweza kuvipata kwa mwaka wa kuandikwa, tusiangalie mwaka wa tukio, halafu tutafute ni wapi neno "mungu" linaingia kwa mara ya kwanza.

Wiki mbili zilikwisha zamani, nami bado ninaifanya kazi ile. Kilichonishika ni kicheko. Mtu aliyenyang'anywa nchi akishasimuliwa kuwa alikuwa mjinga, unyang'anyi wenyewe huanza kuonekana kama jambo lililotokea tu, kama mvua. Hakuna anayeulizwa tena. Kwa hiyo si jambo dogo kujua ujinga huo uliandikwa na nani, na lini.

*

Waswahili husema mwamba ngoma huvutia kwake. Sijapata kanuni bora ya kusomea vyanzo vya historia, na pa kuanzia kuitumia ni kwa Cortés mwenyewe.

Barua yake maarufu kwa mfalme wa Hispania, inayoitwa barua ya pili, ina tarehe ya 30 Oktoba 1520. Ilichapishwa Sevilla mwaka 1522. Tazama hali ya mwandishi siku alipoitia sahihi. Miezi minne kabla, usiku wa tarehe 30 Juni, yeye na watu wake walikuwa wamefukuzwa Tenochtitlan, wakapoteza mamia ya Wahispania na washirika wengi wenyeji. Moctezuma alikuwa amekwisha kufa. Mji ulikuwa mikononi mwa wenyewe. Isitoshe, kisheria Cortés alikuwa mwasi: gavana wa Cuba, Diego Velázquez, alikuwa ametuma jeshi zima kwenda kumkamata. Huyu ni mtu asiye na mji wala cheo kinachotambuliwa, anayemwandikia mfalme ambaye kwa neno moja angeweza kumpa vyote au kumtia kitanzini.

Ndani ya barua hiyo Moctezuma anatoa hotuba ndefu. Anasema kuwa wao ni wageni katika nchi ile, kwamba waliletwa na bwana mmoja aliyeondoka zamani, na kwamba siku zote walitazamia wazao wa bwana huyo waje kuitawala. Bila shaka mfalme wa Hispania ndiye, anasema, na sisi tutamtii. Ni hotuba iliyomfaa Cortés kuliko silaha yoyote. Ikiwa Moctezuma aliikabidhi nchi kwa hiari, basi nchi ni ya mfalme kihalali, na Wamexica waliowafukuza Wahispania hawakuwa wakilinda kwao. Walikuwa waasi. Vita vya kuurudisha mji vinakuwa vya haki kabla havijaanza.

Na aliikumbukaje hotuba hiyo, karibu mwaka mzima baadaye? Cortés mwenyewe anamweleza mfalme kwamba makaratasi yake yalipotea katika mkasa ule.

Sasa isome hotuba hiyo ukimtafuta mungu. Quetzalcoatl hatajwi. Cortés haitwi mungu. Kinyume chake, Moctezuma anafunua nguo yake, anauonyesha mwili wake, na kusema yeye ni nyama na damu kama watu wengine, wasiwasikilize maadui zake wanaodai kwamba anajifanya mungu. Katika chanzo cha mapema tulichonacho kuhusu mkutano huo, neno "mungu" linaingia ili likanushwe, na linamhusu mwenyeji, si mgeni.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wa Kinahuatl wamelieleza, na ambalo Mswahili atalielewa upesi. Lugha ya heshima ya mabwana wa Kinahuatl ilikuwa ya kujishusha. Mwenyeji mkubwa humwambia mgeni kwamba nyumba ni yake, kwamba alikuwa anamtunzia tu kiti chake. Kadiri mtu alivyokuwa mkubwa ndivyo alivyojinyenyekeza kwa maneno, na kila msikilizaji aliyelelewa humo alijua kuwa huo ni ukubwa. Sisi huwaambia wageni "karibu, hapa ni kwako", na hakuna anayekwenda kubadilisha hati ya nyumba. Huwaamkia wakubwa wetu "shikamoo", salamu ambayo asili yake inaelezwa kuwa ni "nashika miguu yako". Fikiria mgeni aliyefika juzi, ana daftari, ana mfalme wa kumpendeza, na anatafsiri neno kwa neno. Ataandika kwao kwamba vijana wa nchi hii huanguka chini na kuishika miguu yake.

*

Basi miungu waliingia wapi? Ukivipanga vyanzo kwa miaka, unawaona wakija polepole.

Karibu miaka 20 baada ya vita, hadithi ya Quetzalcoatl imeshika mizizi katika maandishi ya watawa Wafransisko. Mmoja wao ni Motolinía, aliyefika Mexico mwaka 1524. Watawa hawa walikuwa wanabatiza watu kwa maelfu na waliamini kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyeipanga safari ya Wahispania. Wenyeji waliokuwa wakimngoja mtu kutoka baharini waliingia vizuri sana katika imani hiyo. Mwaka 1552 kinatoka kitabu cha Francisco López de Gómara, padri aliyekuwa karibu na Cortés uzeeni mwake na ambaye hakuwahi kuvuka Atlantiki. Kitabu chake kinamkweza Cortés kiasi kwamba mwaka uliofuata serikali ya Hispania ilikipiga marufuku, lakini hakikuzuilika.

Kisha kuna Bernal Díaz del Castillo, askari wa kawaida aliyepigana chini ya Cortés. Aliandika uzeeni huko Guatemala, akiwa na hasira na Gómara kwa kusimulia vita asivyoviona. Kitabu chake kilichapishwa Madrid mwaka 1632, miaka 48 baada ya kifo chake. Bernal ni msimuliaji mtamu: ana harufu, ana majina ya farasi, ana njaa. Anasema mara nyingi kwamba wenyeji waliwaita Wahispania "teules". Neno hilo ni la Kinahuatl, teotl, lililopindwa na masikio ya Kihispania.

Hapo kuna mtego wa tafsiri. Teotl lilitumika kwa miungu, lakini pia kwa sanamu yake, kwa mtu aliyevikwa mavazi ya mungu katika ibada, na kwa jambo lenye nguvu isiyo ya kawaida. Bernal mwenyewe anakiri kuwa maana yake inaweza kuwa mungu au pepo. Jaribu kulitia katika Kiswahili uone. Tuna mungu, mzimu, pepo, jini, shetani. Ukichagua lolote kati ya hayo umekwisha kutoa hukumu, na msomaji wako hatajua kuwa ulichagua.

Tusisahau pia kwamba Bernal alikuwa na shida ya kidunia. Wapiganaji wale walikuwa na desturi ya kuandika maombi rasmi kwa mfalme, kila mmoja akieleza aliyoyafanya na kuomba malipo. Maombi kama hayo yamejaa katika kumbukumbu za Hispania, na kila anayeandika ni shujaa. Mmoja wa waliodai haki yao, mwaka 1538, ni Juan Garrido, Mwafrika aliyepitia Lisbon kabla ya kuvuka bahari na kupigana upande wa Cortés. Anasema yeye ndiye wa kwanza kupanda ngano katika nchi ile. Nilipolikuta jina lake nilishtuka, maana hakuna mahali nilipotarajia kumkuta Mwafrika katika habari hii. Lakini naye lazima asomwe kama wengine. Alikuwa anamwomba mfalme riziki, na ngoma yake aliiwamba mwenyewe.

*

Kwa msomaji wa Afrika ni rahisi kusema: tuwaache Wahispania, twende kwa walioshindwa, ukweli uko huko. Mimi nilikwenda kwa furaha. Kitabu cha kwenda kwacho kinajulikana kwa jina la Kodeksi ya Florence, kwa sababu nakala yake imehifadhiwa katika maktaba ya Laurenziana mjini Florence, Italia. Siku hizi kurasa zake zote zinasomwa bure mtandaoni, na mimi nimezisoma nyingi kwenye simu, usiku, bando likiwa nafuu.

Ni kazi kubwa ya vitabu 12 na picha karibu 2,500 kuhusu maisha ya Wanahua: miungu, dawa, ndege, soko, methali. Aliyeisimamia ni mtawa Bernardino de Sahagún, aliyefika Mexico mwaka 1529 na kufia huko mwaka 1590. Walioifanya ni wenyeji: wazee waliohojiwa, wachoraji, na wasomi waliolelewa katika chuo cha Santa Cruz huko Tlatelolco, kilichofunguliwa mwaka 1536. Vijana hawa walijua Kinahuatl, Kilatini na Kihispania. Sahagún aliyaandika majina ya wanne kati yao, nami nayaandika tena hapa: Antonio Valeriano, Alonso Vegerano, Martín Jacobita na Pedro de San Buenaventura.

Kitabu cha 12 kinasimulia vita. Kila ukurasa una safu mbili: Kihispania kushoto, Kinahuatl kulia. Safu ya Kihispania ni fupi, na nafasi iliyobaki imejazwa picha. Ufupi huo una siri zake. Mahali pamoja Wahispania wanapokea zawadi za dhahabu. Kinahuatl kinawafananisha na nguruwe kwa uchu wao. Kihispania kinasema tu kwamba walifurahi sana. Sahagún aliyajua maneno yote mawili, yakakaa ubavuni kwa ubavuni kwa karne nne kabla ya wasomaji wengi kuweza kuyalinganisha.

Lakini miungu wamo humo. Wamo katika safu ya kulia, kwa Kinahuatl. Moctezuma anamdhania Cortés kuwa Quetzalcoatl na kumpelekea mavazi ya mungu huyo. Kabla ya hapo kuna ishara nane za kutisha: moto angani, hekalu linaloungua lenyewe, maji ya ziwa yanayochemka, mwanamke anayelia usiku. Moctezuma anatetemeka, halali, anataka kukimbia. Kama walioshindwa wenyewe wanasema hivyo, sisi ni nani tubishe?

Hapo niliyakumbuka maswali mawili ya semina, na nikaona kwamba yanawahusu hata watu ninaowapenda. Nani kasema? Wazee wa Tlatelolco na vijana wao. Tlatelolco ulikuwa mji pacha wa Tenochtitlan, kwenye kisiwa kilekile, na Tenochtitlan iliutiisha kwa vita mwaka 1473. Mwaka 1521, mji ulipozingirwa, mapigano ya mwisho yalikuwa Tlatelolco. Basi katika kitabu cha 12 mashujaa ni Watlatelolco. Mmoja wao, Tzilacatzin, anawarushia Wahispania mawe mpaka wanatawanyika. Anayetetemeka ni mtawala wa Tenochtitlan. Mzigo wa kushindwa umetuliwa juu ya mtu ambaye wazee hawa walikuwa na sababu ya zamani ya kutompenda, na ambaye alikuwa amekufa.

Walisema lini? Kitabu hiki kilianza kuandikwa katika miaka ya 1550, zaidi ya miaka 30 baada ya tukio. Vijana walioshika kalamu walikuwa wamesoma Kilatini, na wanahistoria wameonyesha kwamba ishara zile nane zinafanana mno na ishara zilizomo katika vitabu vya kale vya Ulaya, kama vile vya Plutarch na Josephus. Camilla Townsend, mwanahistoria Mmarekani aliyeandika makala ya mwaka 2003 iliyoitikisa hadithi hii, anatuomba tuitazame hali ya vijana hao. Walikuwa watoto na wajukuu wa watu waliotawala dunia waliyoijua. Walikua wakiwaona wazee wao wamenyenyekea. Swali lao lilikuwa moja: ilikuwaje? Jibu kwamba wazee walidanganywa na ishara na miungu liliuma kidogo kuliko jibu kwamba walipigana kwa akili zao zote na bado wakashindwa.

Nilipolisoma hilo niliacha kuwadai wasomi wa Tlatelolco usafi ambao simdai mtu mwingine yeyote. Wanaweza kuwa wamewamba ngoma yao, na bado wakatupa kitu ambacho hakuna Mhispania aliyetupa. Sura ya ndui ni mfano. Ugonjwa huo uliingia mjini baada ya Wahispania kufukuzwa mwaka 1520, ukaua watu wengi mno, akiwemo Cuitlahuac, mtawala aliyemrithi Moctezuma. Kitabu cha 12 kinaeleza vipele vilivyofunika uso na kifua, watu wasioweza kujigeuza kitandani, na waliokufa kwa njaa kwa kuwa hakuna aliyebaki na nguvu za kumlisha mwenzake. Picha inaonyesha wagonjwa kwenye mikeka. Nakala ya mwisho ilikuwa ikitengenezwa wakati gonjwa jingine kubwa, la mwaka 1576, likiwaua watu wa mji huohuo. Picha za kitabu cha 12 ni za wino mtupu, hazikutiwa rangi. Waliochora wagonjwa wa 1520 hawakuhitaji kuhadithiwa mgonjwa anavyolala.

*

Mimi sijui Kinahuatl cha kutosha kukisoma bila msaada. Ninakisoma kupitia Kiingereza cha James Lockhart, wa 1993, na cha Arthur Anderson na Charles Dibble kabla yake, nikiwa na kamusi pembeni. Kwa hiyo mnyororo wa vinywa ulioanza kwenye tuta la Tenochtitlan unaendelea hadi kwenye simu yangu.

Mnyororo huo huteleza. Mwaka 1959 Miguel León-Portilla, mwanazuoni wa Mexico, alikusanya masimulizi ya wenyeji katika kitabu kimoja kilichobadilisha jinsi dunia inavyoisoma vita hii. Kilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1962 kilipewa jina lenye maana ya "mikuki iliyovunjika", kutokana na maombolezo ya kale ya Tlatelolco. Miaka 30 baadaye Lockhart alilisoma neno lilelile la Kinahuatl akaona halisemi silaha. Linasema mifupa. Barabarani kulikuwa na mifupa iliyovunjika. Vizazi viwili vya wanafunzi viliona mashujaa walioangusha mikuki, pale ambapo mwandishi huenda alikuwa anatazama maiti.

Na mimi ninaongeza kinywa changu. Kila nikiandika kuhusu jambo hili kwa Kiswahili inanibidi niamue jambo lenyewe linaitwaje. "Ushindi wa Wahispania" linawapongeza. "Uvamizi" linaishia mlangoni, halisemi waliingia wakakaa. Neno lililonifaa nimelikuta kwa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, katika utenzi wake unaojulikana kwa jina la Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Kutamalaki ni kuchukua na kujifanya mwenye mali. Yeye alilihitaji kwa Wajerumani wa pwani yetu. Nami sijaona neno jingine linalosema kwa ufupi namna hiyo kilichofanywa kwenye ziwa la Mexico.

Tena "ushindi wa Wahispania" si kweli hata kwa hesabu. Mji ulianguka tarehe 13 Agosti 1521 baada ya kuzingirwa kwa takriban miezi mitatu, na waliouzingira wengi walikuwa wenyeji, makumi ya maelfu, Watlaxcala wakiwa mbele. Hawa walikuwa na ugomvi wa miaka mingi na Tenochtitlan na waliwaona wageni kama silaha mpya katika vita vya zamani. Nao wameacha vyanzo. Karibu mwaka 1552 baraza la Tlaxcala liliagiza kitambaa kikubwa kilichochorwa historia hiyo kama historia yao. Kitambaa chenyewe kimepotea, nakala zipo. Mwaka 1560 wakuu wa mji wa Huexotzinco walimwandikia mfalme Felipe wa Pili kwa Kinahuatl, wakilalamika juu ya kodi. Wanamkumbusha kwamba waliwapokea Wahispania, wakawalisha, wakapigana pamoja nao, na kwamba Watlaxcala wanaopendelewa hawakuwazidi kwa lolote. Barua hiyo inasikitisha kuisoma. Hawa ndio walioshinda, nao wanaomba wapunguziwe mzigo.

Hakuna mungu katika malalamiko hayo. Kuna watu waliopiga hesabu za kisiasa, zikawageuka.

*

Malintzin hakuacha hata mstari mmoja. Cortés, katika barua zote ndefu alizomwandikia mfalme, anamgusa mara mbili tu. Mara ya kwanza hamtaji hata jina, anamwita "ulimi" wake, mwanamke wa nchi hii. Alimzalia mtoto wa kiume, akamwoza kwa Mhispania mwingine. Alifariki akiwa bado kijana. Asiyekuwapo na lake halipo, na huyu alikuwapo kila mahali.

Wenyeji walimwona vingine. Kinahuatl hakina sauti ya r, hivyo Marina likawa Malina, na wakaliongezea kiambishi cha heshima, -tzin, kama sisi tunavyotanguliza "Bi". Bernal anasimulia kwamba walimwita Cortés mwenyewe kwa jina la mwanamke huyo, kwa kuwa alikuwa naye daima. Kwenye kitambaa cha Tlaxcala yuko katikati ya mambo, mkubwa kama wakuu, mkono umenyooshwa, anasema.

Tasnifu yangu ilianza kama tasnifu kuhusu Cortés. Imehamia kwa mtu mwingine, Domingo Chimalpahin, Mnahua aliyezaliwa mwaka 1579 huko Chalco na kufanya kazi kanisani katika mji wa Mexico. Aliandika kumbukumbu za mababu zake kwa Kinahuatl, mwaka kwa mwaka, kwa ajili ya watu wake. Lakini alifanya pia jambo ambalo sikulielewa mwanzoni. Alikichukua kitabu cha Gómara, kile kilichopigwa marufuku, kile cha padri ambaye hakuvuka bahari, akakinakili kwa mkono, kwa Kihispania, kuanzia mwanzo.

Ukikisoma haraka utadhani ni Gómara tupu. Ukikiweka kando ya kitabu kilichochapishwa, unaanza kuona maneno ambayo Gómara hakuyaandika. Pale ambapo Gómara ana "bwana mmoja wa huko", Chimalpahin ana jina. Ana cheo chake, wakati mwingine ana ukoo wake. Hakuyatenga maneno hayo, aliyapitisha ndani ya sentensi za Gómara kama fundi anayeziba tofali lililokosekana. Alipofika kwa Marina hakuridhika na jina la ubatizo. Aliongeza kwamba ni Malintzin, na akaongeza jina jingine, Tenepal.

Kazi yangu siku hizi ni hiyo. Ninaweka vitabu viwili kando kwa kando, ninasoma mstari kwa mstari, na kila ninapokuta jina ambalo Gómara hakuwa nalo, ninalipigia mstari.